Baba Lea na Farasi wa Alhamisi

Watu wa Igowole walimwita Saulo Kalinga kwa jina la Baba Lea, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona huyo Lea. Saulo mwenyewe hakumwona. Mtoto alizaliwa kwao Kalenga mwaka 1941, baba yake akiwa ameshachukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, miezi minne kabla, na akafa kwa surua kabla hajatimiza miaka mitatu. Habari za kuzaliwa zilimfikia Saulo, lakini za kifo, huko Burma alikokuwa, hakuzipata. Alirudi mwanzoni mwa mwaka 1946 na bangili ndogo ya shanga mfukoni, aliyoinunua kwa Mhindi mmoja bandarini, akamkabidhi mkewe Severina mlangoni kabla hata ya kuketi. Severina aliipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akamletea mumewe maji ya kunawa na ugali. Alipomaliza kula ndipo akamwambia.

Hawakupata mtoto mwingine. Lakini jina la mzazi likishakushika halikuachii, na wao hawakutaka liwaachie. Hata wageni waliofika Igowole baadaye waliwaita Baba Lea na Mama Lea, na walipouliza Lea yuko wapi, majirani waliwakonyeza wanyamaze.

Vitani Saulo hakuwa mpiga bunduki. Alikuwa mtunza baghala, wale wanyama wanaozaliwa na punda na farasi, waliobeba risasi na unga kupanda milima yenye matope. Kwa hiyo aliporudi nyumbani alikuwa na ujuzi usiokuwa na kazi, kwani nani Kalenga alikuwa na baghala? Alilima miaka miwili. Kisha akasikia kwamba kuna Mzungu upande wa Mufindi, karibu na Igowole, anayetafuta saisi wa kutunza farasi wake wawili. Akamchukua Severina, wakapanda lori la mahindi, wakaenda.

Mzungu huyo alilima pareto na chai kidogo. Wafanyakazi walimwita Bwana Polepole kwa sababu alizungumza Kiswahili kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, neno moja, kisha anasimama, kisha jingine. Hakuwa mkali. Mkewe, Memsabu, alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi kisichokwisha, na farasi walikuwa wake zaidi kuliko wa mumewe. Wa kwanza, dume mzee mwenye rangi ya kahawia, aliitwa Meja. Wa pili alikuwa jike la kijivu, mpole, mwenye kovu juu ya jicho moja. Huyo aliitwa Ledi.

Miaka mitano Saulo aliwatunza wanyama hao bila jambo lolote la kusimulia. Alfajiri aliwapiga brashi, akawalisha, akawatembeza. Jioni aliwaingiza bandani mapema na kufukiza moshi, maana mbu na wadudu wa mvua huleta ugonjwa unaoua farasi kwa siku mbili. Akajenga nyumba ya matofali mabichi nyuma ya banda. Severina akalima viazi.

Mambo yalianza mwaka 1953, siku Memsabu alipokuja bandani ameshika gazeti la kwao.

"Saulo," alisema, "hapa wameandika habari za mwanamke mmoja. Miguu yake ilikufa kwa ugonjwa wa kupooza. Akajifunza kupanda farasi, na mwili wake ukapata nguvu. Unaamini?"

"Siwezi kubisha, Memsabu. Farasi akitembea, mpandaji naye anatembea kiunoni, hata kama hataki."

Memsabu alikunja gazeti. "Pale misheni kuna watoto kama hao. Na wengine hawana wazazi. Ninataka waje hapa kila Alhamisi. Mimi siwezi kukimbia tena kando ya farasi, kifua kinakataa. Utawafundisha wewe."

Saulo alisema ndiyo, kama alivyozoea kusema ndiyo tangu Keya. Usiku ule alimwambia mkewe, "Nitawafundishaje watoto? Mimi nimezoea kusema na wanyama tu."

"Basi sema nao hivyo hivyo," Severina alimjibu.

Alhamisi ya kwanza gari la ng'ombe la misheni liliteremsha watoto sita mbele ya banda. Sista Apolonia, mtawa wa Kihehe aliyewalea, alikuwa nao. Watano walitembea au walichechemea. Wa sita alibaki ndani ya gari, amejifunika shuka, hataki kushuka. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, jina lake Benedicta. Mguu wake wa kushoto ulikauka alipokuwa na miaka saba, mwaka ule ule baba yake alipoangukiwa na mti msituni. Mama aliolewa kwingine, na huko alikoolewa walisema hawataki mtoto anayetambaa. Sista Apolonia alimkuta kwa bibi yake, akisota uani kwa mikono, magoti yana sugu kama kisigino.

Saulo aliwaacha wengine wamshangae Meja, akaenda kwenye gari.

"Kamwene," alimsalimu.

"Kamwene, baba. Mimi sipandi."

"Hakuna aliyekuambia upande. Nina brashi mbili na mkono mmoja umechoka. Nilitaka mtu wa kunishikia moja."

Benedicta alifikiri. Kisha akanyoosha mkono apewe brashi. Saulo akamleta Ledi hadi ubavuni mwa gari, akamsimamisha karibu kiasi kwamba pumzi yake ilipuliza ile shuka. Binti alirudi nyuma. Farasi hakufanya kitu. Alikuwa na tabia ya kusimama tuli mbele ya mtu mwenye hofu, tabia ambayo haifundishwi. Baada ya muda mrefu brashi iligusa bega la kijivu, ikashuka, ikarudi tena juu.

"Ana joto," Benedicta alisema.

Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza, na la pili, na la tatu. Saulo hakumharakisha mtoto yeyote. Utaratibu wake ulikuwa huu: kwanza umpige brashi, ujue anapopenda na anapochukia. Kisha umwongoze kwa kamba kuzunguka uwanja. Kisha ukae juu yake bila tandiko, yeye Saulo akishika kamba, ukae tu huku farasi amesimama anakula nyasi. Siku utakayosahau kwamba uko juu, ndiyo siku ya kuanza kutembea. Memsabu alikaa kwenye kiti chini ya paa la banda, amejifunga blanketi, akikohoa na kucheka.

Kwa Benedicta alitengeneza vitu viwili. Kimoja kilikuwa ngazi ya masanduku ya chai aliyoyapigilia misumari, ili binti apande mwenyewe kwa mikono yake bila kubebwa. Cha pili kilikuwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa kuushika mguu uliokauka usining'inie. Alimwonyesha jinsi ya kuufungua kwa mkono mmoja, kwa sababu mtu akifungwa kwenye farasi asiweze kujifungua, huo ni mtego. Mwezi wa nne wa masomo Benedicta alikaa juu ya Ledi. Wakati ule ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye pareto, na kutoka pale mlangoni Severina aliona kichwa cha farasi na mtu mrefu juu yake, akadhani ni Memsabu. Alipomtambua, aliacha sufuria ya uji ikamwagika motoni.

Baada ya hapo, kila Alhamisi Severina aliwapikia watoto uji wa ulezi, akakaa nao wakinywa. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Lakini Benedicta alipoanza kumwita Mama Lea, akauliza kwa sauti kama watoto wanavyouliza, "Lea ni nani?" Severina alimweleza yote, hadi ile bangili. Saulo alisikia kutoka nje. Katika miaka yote ile hakuwahi kumsikia mkewe akilisimulia jambo hilo kwa mtu.

Alikuwapo pia Ezekia, kijana wa miaka kumi na mitano, yatima, aliyefukuzwa shule kwa kuiba na kwa kupigana. Katekista alimleta akisema labda farasi watamshinda yeye badala ya yeye kuwashinda walimu. Siku ya pili Meja alimwangusha. Haikuwa anguko baya, lakini wenzake walicheka, na Ezekia aliinuka akamchapa mnyama fimbo ya uso. Saulo hakumpiga. Alimnyang'anya fimbo, akamwambia akae chini, naye akakaa mbele yake.

"Unajua kwa nini mimi nanong'ona na hawa?" alimuuliza. Watoto wengine walikuja karibu.

"Wewe mchawi wao," Ezekia alisema kwa chuki.

"Burma tulikuwa na baghala. Baghala ana sauti kubwa, akilia anasikika mlima wa pili. Wajapani walikuwa mlima wa pili. Basi daktari wa wanyama aliwakata sauti, mmoja mmoja, kooni. Walilazwa, wakapewa dawa, lakini lazima mtu wa kuwashika vichwa, mtu wanayemjua, wasije wakashtuka. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wakazinduka, wakafungua mdomo kunililia, hakuna sauti. Walifungua mdomo hivi." Saulo aliwaonyesha. "Tangu siku hiyo sipendi kupaza sauti mbele ya mnyama. Naona kama namcheka."

Memsabu, aliyeelewa Kiswahili vizuri kuliko mumewe, aliinuka akaingia ndani. Ezekia hakuomba radhi, hakuwa mtu wa namna hiyo, lakini Alhamisi iliyofuata alikuja kwa miguu, amewatangulia wenzake kwa saa nzima, akasafisha banda lote peke yake.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa miaka mizuri, na Saulo alijua ni mizuri wakati ule ule ilipokuwa ikipita. Watoto walikuja na kuondoka. Wengine walijifunza kupanda vizuri, wengine walipenda tu kushika kamba. Mmoja aliyekuwa akishikwa na kifafa hakuruhusiwa kupanda, akapewa kazi ya kusuka mikia. Ezekia alikuwa mpandaji hodari, kisha siku moja akaenda Sauzi migodini bila kuaga. Benedicta alibaki. Akiwa na miaka kumi na minne alizunguka shamba lote juu ya Ledi, akipita katikati ya wachuma pareto, na wale wanawake waliinua vichwa kumtazama. Yeye aliyezoea kutazama watu kutoka chini, sasa aliwasalimu kutoka juu. Akaanza kuwafundisha wageni. Saulo alisimama pembeni na kumsikiliza akisema maneno yake mwenyewe, neno kwa neno: "Hakuna aliyekuambia upande. Nishikie brashi."

Mwaka 1956 kikohozi cha Memsabu kilitoa damu. Walimpeleka Dar es Salaam, kutoka huko wakampeleka kwao kwa meli, na baada ya miezi mitatu ikaja simu ya maandishi ya msiba. Bwana Polepole aliisoma akiwa amesimama bandani, akaikunja, akamwambia Saulo, "Alhamisi... waendelee... kuja." Akatoka. Watoto waliendelea kuja. Kiti cha Memsabu hakuna aliyekikalia.

Lakini mwanamume yule alikwisha. Alianza kuacha pareto ioze. Mwezi Juni 1958, baridi ikiwa kali kuliko kawaida, alimwita Saulo ofisini kwake.

"Nimeuza shamba," alisema. "Kampuni itapanda miti ya miwati. Mimi narudi kwetu mwezi ujao."

"Na farasi, Bwana?"

Bwana Polepole alichukua muda mrefu, hata kwa desturi yake. "Wao hawataki farasi. Hakuna anayewataka. Nimeandikia watu wa Iringa, nimeandikia Mbeya. Meja ni mzee. Ledi naye si kijana. Sitawaacha wavute mikokoteni mpaka wafe. Nimeona farasi walioachwa, Saulo. Mbavu zao. Vidonda." Akasimama. "Nitawapiga risasi mwenyewe."

"Nipe mimi Ledi, Bwana."

"Utamlaza wapi? Banda si langu tena, na nyumba yako si yako. Dawa ya sindano ya kila mwaka atampa nani? Mvua ya kwanza atakufa, na atakufa vibaya. Wewe unajua."

Saulo alijua. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba kila neno la mtu yule lilikuwa la kweli.

Siku ile ile alikwenda misheni kwa miguu kumwona Sista Apolonia. Sista alisikiliza, mikono imefumbatwa ndani ya mikono ya kanzu yake. "Mimi ningemchukua hata leo, Baba Lea," alisema, "lakini si mimi mwenye kauli. Nitaandika barua kwa wakubwa." Akaandika. Wiki mbili baadaye jibu lilikuja kwamba jambo hilo litafikiriwa.

Siku hiyo ya jibu Benedicta alimngoja Saulo nje ya lango la misheni, amejishikiza kwenye magongo yake. Alikuwa na miaka kumi na saba sasa.

"Nimesikia," alisema. "Baba Lea, mimi nitamchukua. Usimfunge kamba Jumapili, watu wote wakiwa kanisani. Nitampanda, nitapita njia ya msituni, nitashukia Usangu. Kwa bibi yangu mdogo kuna nyasi."

"Usangu kuna mbung'o, mwanangu. Hatamaliza mwezi."

"Basi atakufa akiwa nami, atakufa anakula nyasi. Si bora?"

"Na watakukamata. Watasema umeiba. Na mimi watasema nimekusaidia."

"Wewe unaogopa hilo?"

Saulo alikuwa akifikiria nyumba nyuma ya banda, na Severina, na jambo jingine lisilokuwa na jina, ile desturi ya kusema ndiyo iliyokaa mwilini mwake tangu ujana. "Nitaona la kufanya," alisema mwishowe. Benedicta aliyashika maneno hayo kama ahadi. Saulo aliona kwenye uso wake kwamba ameyashika hivyo, wala hakuyasahihisha.

Jumapili ilipofika, Ledi alikuwa amefungwa kamba kama kawaida. Binti alikuja hadi kwenye ua wa shamba kwa magongo, mwendo wa saa mbili, akatazama fundo, akageuka. Severina alimwona kutoka kwenye viazi. Hakumwambia mumewe hadi usiku.

Ilifanyika asubuhi ya Jumanne. Shimo lilikuwa limechimbwa jana yake kwenye mteremko wa nyuma. Saulo aliamka mapema kuliko siku zote, akawapiga brashi wote wawili, kwa muda mrefu, akawapa mahindi yaliyochanganywa na sukari guru. Bwana Polepole alikuja na bunduki, hajanyoa ndevu.

"Washike," alisema. "Wakishikwa na wewe hawataogopa."

Meja alikuwa wa kwanza. Alianguka mara moja, kama mzigo uliokatwa kamba. Ledi alikuwa amefungwa mbali, upande wa pili wa banda, lakini mlio aliusikia. Aliikata kamba, akakimbia hadi mwisho wa uwanja, akasimama kwenye ukungu akitetemeka, masikio yamesimama. Bwana Polepole aliteremsha bunduki.

"Siwezi kumpiga kwa mbali," alisema. "Nitamjeruhi. Mwite, Saulo."

Saulo alisimama. Kwa kitambo kile, alisema baadaye, aliona njia tatu au nne mbele yake, zote wazi. Angeweza kufungua lango. Angeweza kukaa kimya. Kisha akapiga ulimi mara mbili, taratibu, kama alivyofanya kila Alhamisi kumleta jike lile kwa watoto, na Ledi akateremka kutoka kwenye ukungu, akaja mwenyewe, akaweka pua yake kifuani mwake. Saulo alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Alimnong'oneza. Hakuna aliyejua alimwambia nini.

Bwana Polepole aliondoka wiki iliyofuata. Alimpa Saulo mkono na barua ya sifa njema, na koti lake la mvua. Kampuni ilimweka Saulo kwenye kikosi cha kupanda miwati, nyumba akaachiwa kwa muda. Kila siku aliteremka na wenzake na jembe, na mahali palipokuwa uwanja wa mazoezi akachimba mashimo ya miche, kwa mstari, hatua nne nne.

Alhamisi ya kwanza alikwenda misheni kuwaeleza watoto. Wadogo walilia, wakanyamazishwa. Benedicta hakutoka. Sista Apolonia aliingia kumwita, akarudi peke yake, akasema, "Anaumwa kichwa." Saulo alikwenda tena Alhamisi ya pili, na ya tatu. Ya nne Sista alimwambia kwamba binti amekwenda Mbeya. Ametafutiwa mahali kwa mshonaji mmoja mwanamke, ajifunze kazi.

"Aliacha neno?"

"Alimwachia Mama Lea salamu."

Saulo alikaa na jambo hilo miezi minane. Alizidi kuwa mtu wa kimya. Alianza kukosa usingizi, na kazini wenzake walimwona akisimama ghafla na jembe mkononi, akapiga ulimi, kisha akaangalia huku na huku kuona kama kuna aliyesikia. Mwezi Machi 1959 Severina alimfulia shati, akamfungia viazi vya kuchoma kwenye kitambaa.

"Nenda Mbeya," alimwambia. "Hapa unanimalizikia."

Alipanda basi kuelekea magharibi, siku nzima ya vumbi na matope kwa zamu. Mbeya ilikuwa na mvua, mlima wa Loleza haukuonekana. Aliulizia sokoni, akaelekezwa nyuma ya maduka, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kinyakyusa aitwaye Tupokigwe. Mwanamke huyo alimsalimu kwa lugha yake, na Saulo, asiyeijua, akajibu kwa kuvua kofia.

"Namtafuta Benedicta. Mimi ni... nilimfundisha."

Barazani kulikuwa na cherehani ya mkono, maana ya miguu asingeiweza, na nyuma yake alikaa msichana mkubwa aliyesuka nywele, amevaa miwani. Alimtambua kwa mabega. Yalikuwa bado yamenyooka kama ya mtu aliye juu ya farasi.

"Kamwene, baba," alisema Benedicta. Aliinuka kwa heshima, akamvutia kiti, akaomba chai iletwe. Alimuuliza habari za Mama Lea, za viazi, za Sista Apolonia. Saulo alijibu. Mvua ilipiga bati mpaka ikawabidi kupaza sauti, kisha ikapungua.

"Nimekuja kukuambia," Saulo alisema.

"Niambie."

Akamweleza. Alimweleza kuhusu Meja, na kamba iliyokatika, na ukungu. Hakuficha. Benedicta alisikiliza, mkono wake umeshika gurudumu la cherehani.

"Alikuwa mbali?" aliuliza.

"Mwisho wa uwanja."

"Na lango?"

"Lilikuwa nyuma yangu. Lilikuwa na komeo tu."

"Akakuogopa?"

"Hapana," alisema Saulo. "Nilipomwita alikuja mwenyewe."

Benedicta aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kwa muda, hadi Tupokigwe aliyekuwa akikata kitambaa ndani alipoacha mkasi, akasikiliza. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, lakini sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Baba Lea, ungeniambia alipigana, ningekusamehe leo hii. Ungeniambia Bwana alikushikia bunduki. Lakini kwamba alikuja kwa sababu ya ile sauti yako..." Alitikisa kichwa. "Wewe ulinitoa kwenye gari. Sisahau. Nikila hapa nakula kwa sababu yako. Lakini hilo siliwezi. Nimejaribu kanisani, nimejaribu kitandani. Siliwezi."

"Sikuja kuomba usamehe."

"Ulikuja kufanya nini?"

Saulo alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Nilitaka ulisikie kwangu," alisema. "Usije ukalisikia kwa watu wamelipunguza."

Alimaliza chai. Benedicta alikuwa na blauzi ya kitenge iliyokamilika, ameishona kwa kumkadiria Mama Lea kwa kumbukumbu tu, akaifunga kwenye gazeti ampelekee. Alimsindikiza hadi kwenye ngazi ya baraza kwa magongo yake, na alipoona matope barabarani alimwambia apite upande wa kulia, huko kuna mawe. Hakumpa mkono. Saulo alipofika kona aligeuka. Binti alikuwa ameshaketi, gurudumu la cherehani linazunguka.

Blauzi ilimtosha Severina barabara, isipokuwa kwapani palibana kidogo. Aliivaa Pasaka. Majirani walipoisifu alisema imetoka Mbeya kwa mwanangu, na hakuna aliyembishia.

Krismasi ya mwaka ule barua ilifika kwa mkono wa dereva wa lori. Juu iliandikwa Mama Lea, Igowole. Severina aliisoma kwanza, akipitisha kidole, kisha akampa mumewe. Saulo aliisogeza karibu na mlango kwenye mwanga. Ilikuwa fupi. Kazi inaendelea vizuri, Mbeya kuna baridi, mama Tupokigwe ana afya, mguu unauma wakati wa mvua. Mwishoni iliandikwa: nawasalimu wote wa hapo nyumbani. Alirudi juu akaisoma tena, polepole, mstari kwa mstari, akitafuta kama kuna mahali jina lake limepita bila yeye kuliona. Akaisoma mara ya tatu.

"Anasemaje?" Severina aliuliza, ingawa alikwishaisoma.

"Anasalimia wote."

"Basi na wewe umo."

"Ndiyo," alisema Saulo. Aliikunja barua kwa mikunjo yake ile ile, akamrudishia, akavaa lile koti la mvua akatoka kwenda kukata kuni, kwa sababu ukungu ulikuwa umeanza kushuka na ndani ya nyumba zilibaki chache.